Shamba Hili ni la Nani? Lugha ya Swali na Aina za Data katika Utafiti wa Jamii: Mifano kutoka Milima ya Uluguru



Nilipopata barua ya mwaliko nilidhani kwamba ningetarajiwa kuzungumzia ngeli za nomino au minyambuliko ya vitenzi, mambo ambayo nimeyala na kuyalalia kwa zaidi ya miaka thelathini. Hata hivyo, nimeona leo nivuke uzio na kuingia katika shamba la jirani zetu wa sosiolojia. Natumaini hawatanifukuza kabla sijaeleza kilichonileta.

Katika tasnifu ninazosahihisha kila mwaka, sura ya mbinu za utafiti hufanana kama vifaranga wa kuku mmoja. Kuna sampuli, kuna hojaji, kuna mahojiano, kuna ushuhudiaji. Kisha huja sentensi moja isemayo kwamba data zilikusanywa kwa Kiswahili na kufasiriwa kwa Kiingereza. Baada ya hapo lugha haitajwi tena. Mwandishi huendelea na majedwali yake kana kwamba maneno ya wasailiwa yalikuwa gunia la kubebea mahindi, ambalo likishafika ghalani hutupwa. Dai langu ni kwamba sentensi ile moja ndiyo iliyopaswa kuwa sura nzima. Maneno ambayo swali liliulizwa kwayo, na maneno ambayo jibu lilitolewa kwayo, ni sehemu ya data zenyewe. Anayeyatupa hupoteza data, hata kama jedwali lake limejaa.

Mfano wangu ni mmoja, nao ni wa aibu kidogo kwangu mwenyewe.

Mwaka 1986, nikiwa kijana niliyetoka kumaliza shahada ya kwanza, niliajiriwa kwa miezi miwili kuwa mdadisi katika utafiti wa kilimo huko Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Mradi wenyewe sitautaja, maana waliouanzisha walikuwa watu wema, na kosa ninalotaka kulieleza lilikuwa langu pia. Hojaji ilikuwa imechapwa kwa Kiingereza, nami nilipaswa kuuliza kwa Kiswahili na kujaza tarakimu. Swali mojawapo lilihusu mmiliki wa shamba. Majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa manne: mume, mke, wote wawili, au mwingine.

Katika kitongoji kimoja nilimkuta bibi mmoja akichambua maharage nje ya nyumba yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kujua mimi ni mjukuu wa nani. Nikamweleza kwamba mimi si Mluguru, nikamtajia kwetu na wazazi wangu, akaridhika na kunipa kigoda. Tulipofikia swali lile nikauliza:

“Bibi, shamba lile la bondeni ni la nani?”

“La kwetu.”

“Kwenu, yaani wewe na babu?”

Akacheka mpaka akauweka ungo chini. “Babu yako ni mgeni hapa, mjukuu wangu. Alikuja kuoa.”

Nikaandika tarakimu ya mke, nikaendelea na maswali ya mbolea. Kesho yake nilifika kwa kaka yake, ambaye alikuwa katika orodha yangu kama mkuu wa kaya nyingine. Alipokuwa akiyataja mashamba yake, alilitaja na lile la bondeni. Nikamwuliza ni la nani. Akajibu kwa maneno yale yale: “La kwetu.” Kwa kuwa yeye alikuwa mwanamume mwenye mke, niliandika tarakimu ya mume. Hivyo shamba moja likaingia katika hesabu mara mbili, likiwa na wamiliki wawili wa kaya mbili tofauti, ilhali jibu nililopewa lilikuwa moja. Ofisini, wakati wa kusafisha data, hitilafu ile ilionekana na ikarekebishwa. Sikumbuki ni nani kati ya ndugu wale wawili aliyenyang’anywa shamba na kalamu yetu.

Jambo lililoniokoa ni tabia mbaya ya kupenda maneno. Pembeni mwa kazi ya mradi nilikuwa na daftari langu, na humo nilikuwa nikiandika majibu kama yalivyotamkwa. Nilipolifungua tena baada ya miaka mingi, nikiwa tayari mwalimu wa isimu, ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumekusanya data za aina mbili bila kujua, na kwamba tulizichapisha zile zilizokuwa dhaifu zaidi.

Nawaomba tulichunguze jibu lile kama wanaisimu. Swali langu lilijengwa kwa kihusishi cha -a unganifu na kiulizi “nani”. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba -a unganifu hubeba mahusiano mengi mno. Tunaposema kitabu cha mtu fulani, huenda alikiandika, alikinunua, alikiazima, au kinamhusu. Vivyo hivyo shamba la fulani laweza kuwa shamba analolilima, alilorithi, alilopewa kwa msimu mmoja, au lililoko karibu na nyumba yake. Kiulizi “nani” nacho humtaka mtu. Twaweza kusema “akina nani” tukitaka kuwauliza wengi, lakini hojaji haikusema hivyo, na mimi sikufikiri kusema hivyo. Basi swali langu, ambalo nililiona kuwa jepesi, lilikuwa limekwisha kuamua kwamba mwenye shamba ni mtu na kwamba mtu huyo ni mmoja.

Bibi yule hakulikubali swali. Alilisahihisha. “Kwetu” ni kimilikishi cha wingi kilichovikwa kiambishi cha mahali, na katika Kiswahili neno hilo hutaja mahali na watu wake kwa mpigo mmoja. Hata mtu anayeishi peke yake mjini husema anakwenda nyumbani kwetu. Akisema kwangu, anazungumzia chumba alichopanga. Nilipouliza juu ya mtu, nilijibiwa juu ya asili. “La kwetu” halikuwa jibu la mkato la mtu mwenye haraka ya kumaliza maharage yake. Lilikuwa maelezo kamili ya mfumo wa ardhi, yaliyotolewa kwa maneno mawili, na hojaji yangu haikuwa na kisanduku cha kuyaweka.

Wapo watafiti wanaojaribu kuukwepa utata huu kwa kutumia kitenzi “kumiliki”. Hapo wanaruka maji na kukanyaga matope. Kumiliki ni neno lenye harufu ya mahakama na hati. Mwulize bibi kama yule iwapo anamiliki shamba, na huenda akakuambia kwamba yeye hamiliki kitu chochote, huku jembe likiwa bado mkononi.

Kwa wale wasioifahamu Uluguru, niseme machache. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na matawi ya lukolo yameelezwa katika maandishi ya kitaalamu kwa jina la tombo, yaani titi, kwa maana ya watu waliotokana na kunyonya kwa mama mmoja. Ardhi ya asili ilishikwa na ukoo chini ya wazee wake, na urithi wa vyeo ulipita kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kama ilivyo kwa cheo mashuhuri cha Kingalu. Mume aliyehamia kwa mkewe aliweza kulima maisha yake yote katika ardhi isiyo ya kwao. Sidai kwamba mambo yamesimama hivyo bila kutikisika. Ardhi imeuzwa, watoto wamerithi kwa baba zao, mboga za Mgeta zimeleta fedha, na fedha ina ukoo wake yenyewe. Lakini ni kwa sababu mambo yanabadilika ndiyo maana twahitaji kusikia watu wanasema nini hasa, wala si tarakimu gani inayokaribiana na walichosema.

Tazama pia jinsi rejesta zetu zinavyotudanganya. Fomu nyingi za serikali na za shule hutaka jina la mtu, jina la baba na jina la babu. Mtafiti anayetumia orodha ya kijiji kama data za pili, yaani data zilizokusanywa na wengine kwa madhumuni mengine, huona mbele yake jamii inayofuata ukoo wa baba. Lukolo halina safu katika fomu, kwa hiyo huonekana kana kwamba halipo.

Neno “kaya” nalo lina mtego wake. Katika sensa zetu kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, na mmoja wao hutajwa kuwa mkuu. Kwa kuwahesabu watu fasili hiyo inatosha. Haikuwekwa ili ieleze nani ana haki gani juu ya ardhi. Wenzetu wa Pwani ya Kenya wakisikia neno hilo hilo hufikiria misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Neno moja, maana mbili zilizo mbali hivyo, nasi tunaliandika katika hojaji bila hata kupepesa macho! Tangu sensa ya 1967, aidha, Tanzania haijauliza kabila katika sensa zake. Uamuzi huo una sababu za kisiasa zinazoeleweka, nami siupingi, lakini matokeo yake ni kwamba idadi ya wasemaji wa Kiluguru tunaipata kwa makadirio, kama yale yaliyomo katika Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kadirio ni data halali, mradi liitwe kadirio.

Historia ya utafiti katika milima hii inatufundisha jambo jingine, nalo ni kwamba mwulizaji naye huingia ndani ya jibu. Kitabu kinachonukuliwa sana juu ya ardhi na siasa za Waluguru ni kile cha Roland Young na Henry Fosbrooke, kilichotoka mwaka 1960. Young alikuwa mwanasayansi ya siasa kutoka Marekani. Fosbrooke alikuwa mwanasosiolojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Miaka michache kabla ya hapo serikali hiyo hiyo ilikuwa imewalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 kulizuka ghasia hadi mpango ukaachwa. Wakulima walilalamika kwamba matuta yale yaliufukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba. Maofisa walikuwa na vipimo vya udongo na mvua. Malalamiko waliyaona kuwa ukaidi. Hatupaswi kukitupa kitabu cha 1960 kwa sababu ya historia hiyo, kwani kina mambo ambayo hayapatikani pengine. Lakini tunapokisoma yatupasa kujiuliza: mzee wa ukoo aliyeulizwa habari za ardhi katika miaka ile alidhani jibu lake lingekwenda wapi?

Neno letu “dodoso”, ambalo wengi wanalitumia badala ya hojaji, linakumbuka hofu hiyo vizuri kuliko sisi. Kudodosa ni kuulizauliza kwa werevu ili mtu atoe alilokuwa amelificha, na si mbali na kupeleleza. Mimi hupendelea hojaji, lakini nakiri kwamba dodoso ni neno lenye ukweli zaidi.

Peter Pels, Mholanzi aliyeandika juu ya wamisionari na Waluguru katika kitabu chake cha 1999, alizitumia nyaraka za kumbukumbu pamoja na kukaa na watu. Mwaka 1992 alichapisha makala juu ya uvumi wa mumiani, wale wanaosemekana kuwanyonya watu damu. Mwanafunzi wa kawaida akikutana na uvumi huo huufuta kwa kuwa si kweli. Pels aliutazama kama data. Hautuambii kwamba damu ilinyonywa. Unatuambia jinsi watu walivyouelewa uhusiano wao na wageni wenye madaraka, jambo ambalo msailiwa hatamwambia mgeni mwenye karatasi mkononi. Jan Kees van Donge naye, katika makala yake ya mwaka 1993, aliishughulikia migogoro ya ardhi ya Mgeta penyewe na kutokuwepo kwa uhakika wa kisheria. Mgogoro una faida moja kubwa kwa mtafiti: watu hawasemi kwa ajili yake. Wanabishana wao kwa wao, kila mmoja akichagua neno linalomfaa, na mtafiti anayejua lugha huketi pembeni na kusikiliza ni lini mtu anasema “langu”, ni lini anasema “letu”, na ni lini anarudi kwenye “la kwetu”. Lakini jalada la mahakama nalo lina karani wake. Karani huandika “mdai anadai kuwa mmiliki halali”, na tukilisoma jalada peke yake tutaamini kwamba mdai alisema hivyo.

Hapa ndipo ninapomkumbuka William Labov na kitendawili chake cha mtazamaji: twataka kujua watu wanavyosema wasipotazamwa, nasi hatuwezi kujua bila kuwatazama. Wanasosiolojia wetu walitafuta njia ya kukitegua. Marja-Liisa Swantz, aliyekuwa ameishi na Wazaramo kule Bunju na kuandika juu ya mila zao mwaka 1970, alikuja baadaye kuwa miongoni mwa viongozi wa mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1970, ambako wanakijiji walishirikishwa kuwa watafiti wa maisha yao. Mbinu ile ilisifiwa duniani kwa sababu za kidemokrasia. Kwa maoni yangu sifa yake nyingine haijatajwa vya kutosha: mwanakijiji anapolitunga swali, hulitunga kwa sarufi ya jambo lenyewe. Asingeuliza “la nani” mahali ambapo kila mtu angeuliza “la wapi”.

Nimekwisha kusikia hoja ya kunipinga, nayo ina uzito. Wanasosiolojia wa takwimu huniambia: Profesa, sisi tunahitaji kaya mia tano, hatuwezi kuandika kila neno la kila bibi. Ni kweli. Bila hesabu hatuwezi kujua kama bibi yule alikuwa mmoja au alikuwa wengi, na daftari langu peke yake lisingeweza kunijibu. Sipigani na tarakimu. Ninachokiomba ni kidogo. Hojaji ihifadhiwe katika lugha iliyoulizwa, si katika lugha ya mfadhili tu. Safu ya “mwingine” iwe na nafasi ya kuandika neno lililotamkwa, na neno hilo lisifutwe wakati wa kusafisha. Kabla ya kuchapa nakala mia tano, swali lijaribiwe kwa maumbo mawili au matatu, “la nani”, “la akina nani”, “limetoka wapi”, ili tuone kama majibu yanabadilika. Yakibadilika, badiliko hilo lenyewe ni tokeo la utafiti. Ikiwa mahojiano yamefanyika kwa Kiluguru kwa msaada wa mkalimani, mkalimani atajwe kama sehemu ya mbinu, kwa maana huenda yeye ndiye aliyeamua kama shamba ni la mtu au la ukoo.

Mtu aweza kuona kwamba haya ni mabishano ya watu wa vitabu. La hasha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imeweka hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria hiyo inaruhusu hati kuombwa na mtu mmoja, na familia, au na kundi la watu linalotambuliwa kwa mujibu wa mila. Naomba mlitafakari hilo. Bunge letu, ambalo tunapenda kulicheka, liliacha nafasi pana kuliko hojaji yangu ya mwaka 1986. “La kwetu” lina mahali pa kukaa katika sheria. Lakini hati haijazwi na Bunge. Hujazwa na kijana mwenye fomu, aliyechoka kupanda mlima, ambaye humwuliza mama mmoja barazani: shamba hili ni la nani? Akiandika jina la mume kwa sababu ndiye aliyetajwa kuwa mkuu wa kaya, ardhi ya lukolo imehama. Akiandika jina la mama peke yake, kaka zake na wapwa zake wameachwa nje. Tofauti kati ya kijana huyo na mimi ni kwamba kosa langu lilibaki ndani ya ripoti ambayo sidhani kama kuna aliyeisoma mpaka mwisho.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamivu yuko Uluguru wakati huu ninapozungumza. Nimempa daftari tupu na nakala ya kurasa chache za lile langu la zamani. Hojaji yake ina safu pana kuliko zote, iliyoandikwa juu yake “maneno ya msailiwa”, na tayari mjumbe mmoja wa kamati amemshauri aipunguze kwa kuwa inaharibu sura ya ukurasa. Nimemwambia asiipunguze. Atakaporudi, nimemwomba kwamba majedwali yasubiri. Kwanza aje tukae, anisomee safu hiyo kwa sauti.